Vitafunio vya Halloween bila oveni: namna ya kuvitengeneza na watoto

Mwaka wa kwanza nilipoandaa vitafunio vya Halloween hapa Columbus, Ohio, nilidhani kazi ngumu itakuwa kuwatuliza watoto. Walikuwa watano jikoni, wangu wawili na watatu wa majirani. Tulikoroga, tukafinyanga, tukapamba, na vile viboga vya mchele vikatoka vizuri, rangi ya chungwa inang'aa. Ndipo binti wa jirani, wakati huo ana miaka saba, alipochukua chake, akakitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Anti, hii ina nguruwe?"

Sikuwa na jibu. Nikaitoa pakiti kwenye ndoo ya taka nikaisoma. Jelatini, ile gundi ya chakula itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama, basi, haikusema ya mnyama gani. Yule mtoto akakirudisha kiboga chake sahanini taratibu, akajipangusa vidole kwenye sketi, akasema, "Si kitu Anti, nimeshiba." Na hakuwa ametia kitu mdomoni tangu aingie.

Tangu siku ile sianzi na sukari wala rangi. Naanza na maandishi ya nyuma ya pakiti. Vitafunio vyote nitakavyoeleza hapa nimevichagua kwa kipimo kimoja: mtoto aliyekifinyanga kwa mkono wake awe na ruhusa ya kukila. Oveni haihitajiki hata mara moja.

Kwanza, kwa aliyefika juzi

Halloween ni tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Asili yake ni Ireland na Uskoti, na wahamiaji wa Kiayalandi ndio walioikuza Marekani katika karne ya 19. Kwao walikuwa wakichonga taa kwenye mizizi ya jamii ya figili. Huku wakakuta boga, kubwa na laini kuchonga, wakahamia boga. Siku hizi watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kupita mlango kwa mlango wakipewa peremende. Hapa Columbus wenyeji huuita huo usiku wa waombaji, na kila mji hutangaza siku na saa yake, kwa hiyo angalia tangazo la mji wenu kabla hujawavalisha watoto.

Ziko familia zetu nyingi, za Kiislamu na za Kikristo, zisizoshiriki sikukuu hii, na mimi simshawishi mtu. Lakini mtoto wako atasikia habari hizi shuleni mwezi mzima. Ukitaka, fanyeni haya Jumamosi yoyote ya Oktoba, myaite vitafunio vya msimu wa maboga. Boga ni boga.

Jambo moja uliweke akilini mapema: ulichotengeneza nyumbani usikigawe mlangoni kwa watoto usiowajua. Wazazi huku huwafundisha watoto wao kutopokea kitu ambacho hakikufungwa kiwandani, nao wana haki. Vitafunio vya kutengeneza ni vya nyumbani, vya majirani mnaojuana, na vya sherehe ya darasa ikiwa mwalimu ameruhusu. Muulize mwalimu kwanza, maana shule nyingi hupokea vya dukani tu, vikiwa na orodha ya viungo.

Siku moja kabla: soma pakiti

Mashimelo, vile vipande vyeupe laini kama sponji, kwa kawaida hushikiliwa na jelatini, na hapa Marekani mara nyingi jelatini hiyo ni ya nguruwe. Vivyo hivyo peremende za kuvutika zenye umbo la minyoo na dubu. Sheria haimlazimishi mtengenezaji kutaja mnyama. Ukikuta neno jelatini peke yake, hujajua kitu. Tafuta alama ya halali, au pakiti iliyoandika wazi kwamba jelatini ni ya ng'ombe au ya samaki. Herufi K peke yake, ya kosher, yaani chakula kinachoruhusiwa na Wayahudi, isikutosheleze, kwa kuwa yeyote anaweza kuichapa. Maduka ya Kisomali na ya Kiarabu huwa na mashimelo ya halali, na Oktoba huisha haraka, nenda mapema.

Kama hukuyapata, iko njia ya pili ambayo mimi naipenda zaidi: krimu ya mashimelo ya kopo. Ile inayoitwa Fluff hutengenezwa kwa ute wa yai badala ya jelatini. Haifai mtoto mwenye mzio wa mayai, lakini kwa suala la nguruwe imemaliza maneno.

Kisha mizio. Hapa sheria inasaidia: vyakula tisa vinavyoongoza kwa kuleta mzio lazima vitajwe kwenye pakiti. Navyo ni maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, karanga, kokwa kama korosho na lozi, ngano, soya, na ufuta ulioongezwa tarehe 1 Januari 2023. Mpigie simu mama wa kila mtoto atakayekuja, muulize moja kwa moja, "Mwanao kuna chakula kinachomdhuru?" Usisubiri akuambie. Wazazi wengine wanaona haya kuonekana wanaleta masharti kwenye nyumba ya mtu.

Mimi karanga nimeziondoa kabisa. Badala ya siagi ya karanga natumia siagi ya mbegu za alizeti, rangi inakaribiana na watoto hawalalamiki.

Na umri. Mtoto aliye chini ya miaka minne usimpe bisi, zabibu nzima, karanga nzima, peremende ngumu wala mashimelo mazima. Vyote hivi huweza kumziba koo. Wao watafanya matunda, nitafika huko.

Kupanga meza

Kitu kinachoharibu shughuli hii ni mtu mzima kutafuta kijiko huku watoto wanangoja. Pima kila kitu kabla hawajaingia. Tandaza karatasi ya nta mezani, ishikize pembeni kwa utepe wa gundi. Mpe kila mtoto sahani yake na bakuli lake dogo la mapambo, kwa sababu bakuli moja la macho ya sukari, vile vipambo vyenye umbo la jicho, likiwekwa katikati, mmoja atamaliza yote na mwingine atalia. Kitambaa chenye unyevu kiwe karibu na kila kiti. Mikono ioshwe kwa sabuni, na nywele ndefu zifungwe.

Moto, maikrowevu na kisu kikali ni vya mtu mzima. Mengine yote waachie. Nasema waachie kweli, hata buibui akitoka na miguu mitano upande mmoja na mitatu upande wa pili.

Buibui wa tende

Naanza na hiki kwa sababu hakina jiko kabisa na watoto wa pwani wanaijua tende tangu tumboni. Pia ndicho kinachoisha kwanza sahanini, mbele ya vyote vya chokoleti.

Kwa buibui kumi na mbili hivi: tende laini kikombe kimoja na nusu, zikiwa zimeshatolewa kokwa; kakao vijiko vikubwa viwili; siagi ya alizeti kijiko kikubwa kimoja, au samli kidogo; nazi kavu iliyokunwa nusu kikombe; vijiti vyembamba vya prezeli, zile biskuti kavu za chumvi, kwa miguu; na macho ya sukari, au punje ndogo za chokoleti nyeupe.

Tende zikiwa kavu, ziloweke kwenye maji ya moto dakika kumi, zichuje, kisha zikaushe vizuri kwa kitambaa. Usiruke kukausha. Tende yenye maji haifinyangiki, inakuwa kama ugali uliozidiwa. Hata pakiti ikidai kokwa zimeshatolewa, pasueni kila tende mkague. Hii ni kazi nzuri ya mtoto wa miaka mitano: anapasua, anachungulia, anatangaza, "Haina!" Wangu waliwahi kupata kokwa mbili nzima kwenye pakiti moja.

Zipondeni kwa uma kwenye sahani pana mpaka ziwe donge. Mtieni kakao na siagi, mkande kwa mkono. Mwanzoni itaonekana haikubali kushikana na mtoto atakutazama kwa wasiwasi. Mwambie aendelee, joto la kiganja ndilo litakaloilainisha. Ikishakubali, inang'aa na kuachana na sahani.

Pakeni viganja mafuta kidogo, viringisheni vidonge vya ukubwa wa ndimu ndogo, kisha vibiringizeni kwenye nazi ili buibui apate manyoya. Wekeni friji nusu saa. Miguu isubiri. Prezeli ikilala frijini ndani ya tende hulegea na buibui huanguka kifudifudi, kwa hiyo ivunjeni vipande na kuichomeka dakika chache kabla ya kula, minne kila upande. Macho yabandikwe kwa tone la siagi ya alizeti.

Kumbuka prezeli ni ngano. Mtoto asiyekula ngano atumie vipande vyembamba vya ngozi ya tango. Anapata buibui wa kijani, na wengine wote watamtaka huyo.

Viboga vya mchele

Hivi ndivyo binti wa jirani alivyorudisha sahanini, na sikukubali kuviacha. Chakula chenyewe ni cha Kimarekani halisi: mwaka 1939 wafanyakazi wawili wa Kellogg, Mildred Day na Malitta Jensen, ndio waliokiunda, kikauzwa kuchangisha fedha kwa ajili ya chama cha wasichana cha Camp Fire. Wao walikikata vipande vya mraba. Sisi tunaviringisha.

Mahitaji: siagi vijiko vikubwa vitatu, mashimelo ya halali gramu 280 hivi, mchele uliovimbishwa wa kifungua kinywa, kama Rice Krispies, vikombe sita, rangi ya chakula ya jeli, nyekundu na njano, vijiti vya prezeli kwa vikonyo. Ukitumia krimu ya kopo la gramu 200 badala ya mashimelo, punguza mchele uwe vikombe vitano, la sivyo havitashikana.

1. Yeyusha siagi kwenye sufuria kubwa, moto mdogo. Hapa watoto wanasimama mbali na jiko.

2. Tia mashimelo, koroga bila kupumzika. Yakishayeyuka yote, epua hapo hapo. Ukiyaacha motoni zaidi, viboga vitakuwa vigumu kama kokoto kesho yake, na hakuna dawa.

3. Tia rangi. Anza na njano nyingi na nyekundu tone moja, kisha ongeza. Mwite mtoto mmoja aamue lini imefika rangi ya boga.

4. Mimina mchele wote, geuza kwa mwiko uliopakwa siagi, kutoka chini kuja juu, usiupondeponde.

5. Ngoja. Sukari iliyoyeyuka hunata kwenye ngozi na huunguza kuliko maji. Shika donge kiganjani mwako wewe mwenyewe, hesabu mpaka kumi. Ukiweza bila kushtuka, watoto waje. Kwangu huchukua kama dakika saba.

6. Kila mtoto apake viganja siagi, apewe donge la ukubwa wa limau, aliviringishe kwa upole. Wakibana sana mchele unasagika. Chomekeni kikonyo juu, machoni bandikeni punje za chokoleti.

Vitatoka kumi na tano hivi. Viwekeni kwenye chombo chenye mfuniko juu ya meza, friji huvikausha. Siku mbili bado ni vizuri.

Kuna mtego mmoja hapa: mchele wa Rice Krispies wa kawaida una kimea cha shayiri. Ukisikia mchele utadhani unamfaa mtoto anayekatazwa gluteni, yaani protini ya ngano na shayiri, kumbe haumfai. Tafuta pakiti iliyoandikwa wazi kwamba haina gluteni.

Shamba la nyungunyungu

Huku wanakiita kikombe cha udongo na wengi hukipamba kiwe kaburi, na jiwe la biskuti limeandikwa jina la marehemu. Kwangu ni shamba. Bibi yao aliposikia kwa simu habari za makaburi ya kuliwa, alinyamaza kitambo, kisha akasema hapendi watoto wazoee mchezo huo. Nikamwelewa. Nyungunyungu shambani ni baraka, udongo wenye nyungunyungu ni udongo ulio hai, na watoto walifurahi vilevile.

Chukua pakiti ndogo ya pudini ya papo kwa papo ya chokoleti, ile ya gramu 110, na maziwa baridi vikombe viwili. Soma iandikwe ya papo kwa papo, kwa sababu iko nyingine inayofanana nayo ambayo lazima ichemshwe. Watoto wapokezane kuvikoroga pamoja dakika mbili nzima. Waambie wahesabu kwa Kiswahili mpaka mia moja na ishirini; ni somo la namba ambalo hawatalikwepa. Dakika tano baadaye inaganda.

Wakati inaganda, biskuti nyeusi za Oreo kumi na mbili zitiwe kwenye mfuko mzito wa plastiki, hewa itolewe, ufungwe, na mtoto azisage kwa mpini wa mwiko. Yule mwenye nguvu nyingi mchana huo ndiye apewe hii kazi. Vikombe vinne vya kuona ndani: tabaka la pudini, tabaka la udongo, pudini tena, udongo juu.

Nyungunyungu wa dukani wana jelatini, tumeshasema. Wako wanaotengenezwa kwa pektini ya matunda. Lakini sisi huwa tunabakiza donge la tende la buibui, tunaliviringisha mezani kwa vidole kama kamba nyembamba, tunalikata vipande vya urefu wa kidole. Rangi yake ndiyo rangi ya nyungunyungu halisi. Chomekeni nusu ndani ya udongo, nusu nje. Jani la mnanaa likisimama pembeni, shamba limeota.

Pudini ni maziwa. Isikae nje ya friji zaidi ya saa mbili.

Kwa wadogo kabisa: matunda

Wa miaka miwili hadi minne wanataka kitu cha dakika tano. Menya machenza, acha mazima, na mtoto achomeke kijiti kifupi cha tango juu: boga limekamilika. Kata ndizi mbivu nusu kwa upana, simamisha upande uliokatwa chini, bandika macho mawili ya chokoleti: kizuka. Ndizi ipakwe maji ya chungwa kidogo isiwe nyeusi. Wakati wa kula, yatenge machenza vipande na kutoa mbegu, ndizi ikate ndogo.

Mkitaka kitu cha chumvi katikati ya utamu wote huu, fanyeni fagio za mchawi. Jibini ya vijiti ikatwe vipande vitatu, kila kipande kichanwe upande mmoja kiwe nyuzi, kijiti cha prezeli kichomekwe upande wa pili. Mtoto wangu mdogo anaziita fagio tu, mchawi hamtaki, na anakula tano.

Stroberi za kizuka, kama bado mna nguvu

Hizi nawafanyia watoto wa miaka minane na kuendelea, kwa kuwa chokoleti nyeupe ina hasira. Osheni stroberi mapema, zikaushwe kabisa, moja moja, hata chini ya majani. Tone moja la maji likiingia kwenye chokoleti iliyoyeyuka, yote hukunjamana na kuwa chenga. Ndiyo sababu pia rangi ya chakula ya majimaji haifai humu.

Chokoleti gramu 200, ikatwe ndogo, kwenye bakuli kavu. Maikrowevu kwa nguvu nusu, sekunde 30, koroga. Tena sekunde 30, koroga. Toa ikiwa bado na mabonge machache, yatamalizikia kwa kukorogwa. Ikiwa nzito, ongeza kijiko kidogo cha mafuta ya nazi, kamwe usitie maziwa.

Mtoto ashike majani, achovye, anyanyue, angoje matone yaishe, kisha ailaze kwenye karatasi ya nta akiivuta kidogo ili ibaki na mkia wa shuka. Huo mkia ndio unaoifanya kizuka. Macho ya punje za chokoleti yawekwe kabla haijaganda. Friji dakika kumi na tano, na zote ziliwe siku hiyo hiyo. Kesho zitatoa maji.

Kabla hawajaondoka

Sufuria ya viboga ijaze maji ya moto mara tu unapomaliza, na usiisugue. Baada ya nusu saa sukari itaachia yenyewe.

Kila mtoto anaondoka na kisahani chake. Juu yake tunabandika kikaratasi, ili mama yake asilazimike kuuliza wala kukisia. Kazi ya kuandika vikaratasi hivyo ni ya binti wa jirani. Sasa ana miaka kumi, na ndiye anayesoma pakiti zote kwa sauti kabla sijawasha jiko. Mwaka jana aliandika kwa kalamu ya kijani, herufi kubwa, kwenye kila kimoja: *Hakuna nguruwe. Hakuna karanga. Kuna maziwa. Kuna ngano. Tende zimekaguliwa.*

Kisha akala viboga viwili, akafungiwa cha tatu.